Salamu za Magoti

Mume wangu alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa na kero. Akiamua kukupenda, hakuulizi unataka kupendwa vipi. Ndivyo alivyompenda mama yake tuliporudi Juba, miaka ya sabini, amani ya baada ya vita ikiwa bado mpya na watu wakitembea katikati ya barabara kwa raha tu ya kuona hakuna wa kuwasimamisha.

Tulikuwa tumetoka Uganda, kama wengi wa majirani zetu wa mtaa wa Munuki. Mimi nilikulia kule katikati ya Waganda, nikarudi na cherehani, masufuria mawili na adabu zao. Yeye alisomea kule, akarudi na suruali zilizonyooka na kazi ya ukarani. Tulikuwa na tukul mbili, zile nyumba za mviringo za paa la nyasi, jiko la nje, na rakuba, yaani kile kibanda cha nguzo nne na paa la matete ambacho Juba nzima hukimbilia joto likizidi. Lugha ya kwetu ni Kimadi, ya kwao ni Kibari, kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili tulichookota Uganda, na kikipungua tunakiongezea Kiarabu cha Juba. Hakuna aliyelala njaa kwa kukosa maneno.

Mama mkwe alikuja baada yetu, kwa lori, kutoka upande wa Gulu alikokaa miaka yote ya ukimbizi. Alishuka kwa kuruka. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimeshanyoosha mikono kumpokea, nikabaki nimekumbatia hewa. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mifupa mipana, na furushi lake mimi nilishindwa hata kulisogeza. Ndani mlikuwa na mbegu za karanga, vipande vya miti ya muhogo, na chuma cha maloda kimezungushiwa kitambaa. Maloda ni jembe la kwao, bapa kama mwezi mchanga, linatiwa mpini mrefu, na mwenye kulitumia hapigi kwa kuinama kama sisi wa jembe la Uganda. Anapiga magoti, analisukuma mbele, majani yanakatika chini ya udongo, naye anasogea. Akifika mwisho wa mstari ananyanyuka, anageuka, anapiga magoti tena.

"Nesitu nyumba hakuna, lakini udongo iko," aliniambia kabla hata hajanywa maji. "Mvua nakuja, mimi nakwenda."

Nesitu iko kwenye barabara ya Nimule, mahali malori yanaposimama na watu kuuziana mkaa na vitu vidogo vidogo. Shamba la marehemu mume wake lilikuwa nyuma ya hapo. Mwaka ule mvua zilikuwa zimeshafika nusu, kupanda kumepita, kwa hiyo ilibidi angoje mvua za mwaka unaofuata. Mume wangu hakubisha. Alikwenda kwa seremala wa soko la Konyokonyo akamtengenezea kiti.

Kilikuwa kiti kizuri, sikatai. Mbao nzito, mikono mipana, mgongo umelala nyuma kidogo, na pa kukalia pamesukwa kwa mipira ya matairi, ukikaa unazama. Kikawekwa chini ya rakuba upande wa kivuli.

"Mama, umefanya kazi ya kutosha," alisema. "Sasa kaa."

Mtu asiyetujua atashangaa, lakini siku zile kwetu sisi wa kurudi hiyo ndiyo ilikuwa heshima. Ukimbizini wazee wetu walikuwa wamelima mashamba ya watu, wamebeba matofali ya watu, wamechota maji ya watu. Kila mtoto aliyepata kikazi Juba alitaka mama yake aonekane amekaa. Ukipita mtaani asubuhi uliwaona, akina mama wazima kabisa, wamepangwa chini ya rakuba kama vikombe vya wageni. Nyumba ambayo mzee wake hashiki kitu ndiyo iliyosifiwa, na sifa zikanimwagikia mimi. "Mke wetu anajua kutunza," walisema ndugu wa mume wangu. Mama mkwe akishika ufagio, jirani wa upande wa pili wa ua alipaza sauti kuuliza kama mkamwana wa nyumba hii amesafiri. Nami nilikimbia kumnyang'anya ufagio, huku nimeudhika na mzee, nimeudhika na jirani, na zaidi ya wote nimeudhika na aliyetuletea kiti.

Chakula nacho kilikuwa cha heshima. Uji, chai, mkate, kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, iliyolowekwa kwenye mchuzi mpaka imelegea. Nyama na samaki wakavu tulikula sisi, eti mzee hatafuni, na mzee mwenyewe alikuwa na meno yote na alikuwa anavunja mtama mkavu kwa kujifurahisha akidhani hakuna anayemwona.

Kisha malaria ikampata, akalala kwenye kitanda cha kamba muda mrefu. Alipopona, mume wangu akazidisha amri. Hata kwenda uani alitaka nimshike mkono. Nilimshika. Siku moja nikimwogesha mgongo nikaona mapaja yake yamepwaya, ngozi inaning'inia kama nguo ya mtu mwingine. Yule aliyeruka kutoka kwenye lori sasa, kunyanyuka kwenye kile kiti, alijisukuma kwa mikono miwili, akapumzika katikati, akajisukuma tena.

Mambo yaliharibikia kanisani, siku ya Krismasi. Wanawake tulikaa kwenye mikeka upande mmoja, wanaume kwenye mabenchi upande wa pili. Ikafika sala ya kupiga magoti, tukapiga. Ikafika kusimama kuimba, tukasimama, isipokuwa mama mkwe. Aliweka mkono kwenye bega langu, akavuta, nusura aniangushe. Akaweka mkono chini, akajaribu mguu wa kulia, akajaribu wa kushoto. Wimbo ulikuwa wa furaha na watu walikuwa wanapiga makofi, naye yuko pale chini anahema. Mwishowe wanawake wawili wakamshika makwapa wakamnyanyua kama gunia la mkaa. Alicheka, ili wengine wapate ruhusa ya kucheka. Nilimjua kidogo wakati huo, lakini nilijua kile hakikuwa kicheko.

Mume wangu aliona yote. Tulipofika nyumbani akasema, kwa sauti ile ya ofisini, kwamba habari ya Nesitu imekwisha. Mtu asiyeweza kunyanyuka kwenye mkeka wa kanisa, wenzake wamemzunguka, atanyanyuka vipi peke yake katikati ya shamba?

"Mama yangu hatafia kwenye mstari wa karanga," alisema.

"Na nikiweza?" mama yake akauliza.

"Ukiweza nini?"

"Kuamuka. Mimi peke yangu. Hapana shika mtu."

Mume wangu akajibu kwamba mvua zikija, kama ataweza kusimama kutoka chini bila kushika mtu wala kitu, yeye mwenyewe atampeleka Nesitu. Alisema hivyo kama mtu anayemwahidi mtoto mbuzi wa rangi ya kijani. Akaenda kuvua viatu.

Mchana ule mama mkwe alilia. Hakulia kwa sauti, machozi yalishuka tu huku anatazama miguu yake. "Hii kiti nakula mimi," alisema. "Naanza na miguu." Nilichuchumaa pale kando yake. Nilimpenda siku ile, nasema kweli, maana kabla ya hapo nilikuwa namheshimu tu, na heshima na upendo si kitu kimoja.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kumwamkia kama kawaida. Sasa lazima niseme jinsi nilivyokuwa naamkia. Kwa Waganda mtoto wa kike akisalimia mkubwa anapiga magoti, yote mawili, mpaka chini, hata njia ikiwa na tope. Nililelewa hivyo na sikuweza kuacha. Mama mkwe mwanzoni alikuwa akinicheka. Kwao, alisema, mwanamke anapiga magoti kwa Mungu na kwa majani mabaya. Asubuhi hiyo hakucheka. Alinitazama nikishuka, akanitazama nikipanda, akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Wewe nafanya hii siku moja mara ngapi?"

Nikamwambia sijui. Kila mkubwa ninayekutana naye, kila ninapopeleka chakula, kila ninapopokea kitu. Tangu nikiwa mtoto.

Akayashika mapaja yangu kwa mikono miwili, akayabonyeza kama mtu anayenunua mbuzi sokoni. Kisha akasema: "Kalas. Mimi pia nasalimia wewe."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Nilitandika mkeka mbele ya kile kiti. Nikapiga magoti kumsalimia, naye akashuka akapiga magoti mbele yangu, tukatazamana uso kwa uso kama watu wawili walioangusha sindano moja. "Umeamkaje, Mama?" "Mimi iko mzima, mtoto yangu." Kupanda ndiko kulikokuwa kazi. Siku za kwanza alishika mabega yangu yote mawili na kunitumia kama ngazi, mimi nikiuma meno. Tukipumzika kidogo, narudi na kikombe cha maji, tunasalimiana upya. Napita kwenda kuanika nguo, tunasalimiana. Saa tisa alasiri bado tunaulizana tumeamkaje. Kuku wetu mmoja alizoea kuja kusimama kati yetu, na mama mkwe akamsalimia naye, kwa magoti, kwa jina la Bwana.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini ngoja uone haba zenyewe zinavyochosha. Wiki za mwanzo aliumwa mapaja mpaka akashindwa kukaa chooni, akanitukana kwa Kibari nisichokielewa. Nikamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akauliza mkuu ni nani hapa. Siku moja msuli ulimkaza akiwa nusu njia, akaangukia ubavu juu ya majani ya kudra niliyokuwa nimeyaanika, tukalala pale wote wawili kwenye mboga tukicheka hadi jirani akachungulia.

Jirani akichungulia, Munuki nzima imeona. Kilichoonekana ni hiki: mama mzee, mjane wa watu, amemkalisha mkamwana mbele yake na anampigia magoti. Habari ikatoka ikiwa na miguu yake mwenyewe, na yenyewe haikuhitaji mazoezi. Kisimani wanawake walinipisha njia. Mmoja akaniuliza, kwa upole mkubwa, kama dawa niliyompa mkwe wangu niliitoa Uganda au niliipata hapahapa. Nina hasira za karibu, kila anayenijua atakwambia. Nikamjibu kwamba dawa ni ya Uganda na kwamba imebaki kidogo, akitaka nitamtilia kwenye mtungi. Jibu lile halikunisaidia.

Mume wangu aliyasikia ofisini. Alirudi amekunja uso akataka kujua tunafanya nini mchana. Mama yake akamwambia tunasali. Kwa kuwa alikuwa anamtaja Mungu katika kila salamu, sikuona sababu ya kumsahihisha.

Mwishowe akaja shangazi. Huyu alikuwa dada wa marehemu baba mkwe, mkubwa kwa umri kuliko mama mkwe, aliyekuwa amerudi Nesitu moja kwa moja na kuanza kulima bila kupitia kwenye kiti cha mtu yeyote. Alifika na lori la mkaa, vumbi mpaka kwenye kope, akasimama mlangoni hakuingia.

"Nimesikia mke wetu anaabudiwa," alisema. "Nimekuja na mimi nione mungu mwenyewe."

Nilipiga magoti kumsalimia, maana ningefanya nini? Mama mkwe naye, kwa mazoea, akashuka kando yangu. Shangazi akatutazama sote wawili kwenye mkeka, mdomo wazi. Mama mkwe akamweleza kwa Kibari, maneno mengi, akionyesha kiti, akionyesha mapaja, akionyesha upande wa barabara ya Nimule. Kisha akanyanyuka ili amwonyeshe. Wakati ule alikuwa ameshaacha mabega yangu na anashika kiganja kimoja tu. Alinyanyuka akitetemeka, akasimama, akajivuna.

Ikawa zamu ya shangazi. Aliweka kifurushi chini, akapiga magoti, akanyanyuka. Akapiga tena, akanyanyuka tena, akajipangusa vumbi. Hakuhema. Kama mtu aliyeinama kufunga kamba ya kiatu na kuendelea na safari.

Mimi niliziba mdomo kwa kanga nisicheke. Uso wa mama mkwe ulikuwa wa mtu aliyeibiwa.

"Huyu ni mkubwa kwangu," aliniambia baadaye, kana kwamba sikuwepo. "Yeye alishaolewa mimi nachunga mbuzi."

Shangazi alikaa siku kadhaa, na siku hizo nyumba yangu ilikuwa kambi ya askari. Alipoona uji wa mama mkwe alimpa kuku. Akaniuliza kama nimewahi kuona mtu akijenga nyumba kwa uji. Mguu ni kama kibarua, alisema: usipompa kazi anaondoka, ukimpa kazi bila chakula anaondoka vilevile. Nikaanza kumpikia mzee samaki mkavu kwa karanga za kusaga, na maharage, na nyama kila ilipopatikana, na kumbe alikuwa na hamu navyo muda wote ule na alikuwa ananyamaza kwa adabu. Ufagio ukawa wake. Kinu kikawa chake. Jirani alipopaza sauti juu ya ua kuuliza mkamwana amekwenda wapi, shangazi alimjibu kwa Kiarabu cha Juba maneno ambayo siyaandiki. Hatukuulizwa tena.

Kuhusu kiti, alisema apewe mume wangu wa ofisini, kwa sababu yeye ndiye anayekaa kutwa. Mume wangu alicheka, na kweli tangu hapo akawa anakikalia akirudi kazini.

Shangazi alipoondoka, mama mkwe alifanya kazi kama mtu anayedaiwa. Kiganja changu kikawa kidole, kidole kikawa ncha ya kanga yangu, ambayo haimbebi mtu lakini inampa moyo. Kisha siku moja nilikuwa nimeshasimama na kugeuka kwenda jikoni, nikasikia mguno nyuma yangu. Nilipotazama alikuwa amesimama. Mikono yake ilikuwa imekaa kifuani, haikuwa imeshika kitu. Wala hakunitazama mimi, alikuwa anaitazama miguu yake mwenyewe kwa mshangao, kama watoto waliorudi nyumbani bila taarifa. Nilipiga kigelegele. Akaniziba mdomo, kwa sababu mtoto wake hakupaswa kujua bado.

Mvua ya kwanza ilishuka Jumamosi ikatuliza vumbi. Jumapili tukaenda kanisani. Ilipofika sala tukapiga magoti, nami sikusali, Mungu anisamehe, nilikuwa namtazama yeye kwa pembe ya jicho. Wale wanawake wawili wa siku ya Krismasi, ambao kwa wema wao walikuwa wameizoea kazi ya kumnyanyua kila Jumapili naye akiwaachia ili siri isitoke, walikuwa wameanza kusogea kabla hata sala haijaisha. Wimbo ukaanza. Walipofika walikuta mkeka mtupu. Mama mkwe alikuwa ameshasimama, anapiga makofi, amewapita urefu wote wawili. Upande wa wanaume mume wangu alifunga kitabu cha nyimbo na hakukifungua tena.

Njia nzima ya kurudi alitembea mbele yetu, kichwa chini. Nilidhani amefurahi na anaona haya. Tulipokaa chini ya rakuba, mama yake akamwambia mvua imekuja, naye ameamka mwenyewe, na mtu mzima akiahidi anatimiza. Mume wangu akaanza kutaja nyoka. Akataja maji ya kunywa, kwamba yako mbali. Akataja nyumba, kwamba haipo. Kila alichokitaja mama yake alikijibu kwa upole, na kila jibu lilimfanya azidi kukunjamana, mpaka sauti ya ofisini ikamwisha.

"Si miguu," alisema. "Mama, haikuwa miguu. Mimi nilikuwa shuleni, wewe ukawa msituni, sikujua kama uko hai. Baba nimeambiwa tu kwamba alikufa. Sasa nimekuona. Nataka nikirudi kutoka kazini nikukute."

Sikuwa nimewahi kumwona analia. Nilitaka kuondoka niwaachie nafasi, lakini mama mkwe alinishika nguo nikabaki.

"Nani naambia wewe baba yako alifika Uganda namna gani?" akamwuliza.

Hakuna aliyemwambia. Alidhani baba yake alitembea.

"Alishindwa njiani, ugonjwa. Wenzetu naogopa, nakwenda mbele. Mimi nabeba yeye mgongoni. Napumzika, nabeba. Mpaka ng'ambo." Alilisema kama anavyosema habari za kuni. "Hakuwa mzito. Alishakonda. Alikufa kitandani, na watu, na maombi." Akanyoosha mguu mmoja, akaupiga kofi pajani. "Hii miguu ndiyo ilifanya. Wewe nataka mimi nakaa hapa mpaka nasahau?"

Waswahili husema ng'ombe akivunjika guu hurudi zizini. Mkwe wangu alitaka kurudi zizini na miguu yote mizima, na nani angemzuia? Mume wangu alijifuta uso kwa mkono wa shati. Akasema tutakwenda Jumamosi.

Tulikwenda wote watatu, juu ya lori la magunia ya chumvi. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na uchungu, na uchungu ulinishangaza. Miezi yote ile nilikuwa nimejifikiria mjanja, sikufikiri kwamba kila salamu ilikuwa inamsogeza mbali nami, na kwamba nitarudi Munuki kwenye nyumba isiyo na mtu wa kunitukana kwa Kibari. Njiani nilimshika mkono. Alidhani naogopa kuanguka, akanishika vizuri.

Shangazi alikuwa ametusafishia kipande cha shamba, nacho mvua mbili zilikuwa zimeshakiotesha majani. Kulikuwa na kibanda chake cha nyasi, na karibu yake nguzo mpya za cha pili zimeshasimikwa. Mama mkwe hakuingia kutazama. Alitia chuma chake mpini aliokatiwa, akachagua kona, akapiga magoti. Nilimtazama akisukuma maloda, majani yakilala, udongo mweusi ukifunguka. Alifika mwisho wa mstari, akanyanyuka, akageuka, akapiga magoti tena. Mara ya kwanza nilishika pumzi. Mara ya tatu nilisahau kutazama.

Mume wangu alikuwa bado na wasiwasi. Akakunja miguu ya suruali, akaazima maloda ya shangazi, akapiga magoti kwenye mstari wa pembeni ili awe karibu naye kama lolote litatokea. Alikwenda vizuri mwanzoni, anaongea, anamwambia mama yake asikimbilie, jua bado. Katikati ya mstari akaacha kuongea. Mama yake alikuwa ameshageuka na kumpita. Alipofika mwisho alibaki pale chini, mkono mmoja kiunoni, akajaribu mguu wa kulia, akajaribu wa kushoto. Shangazi akaanza kucheka peke yake. Mume wangu akanyoosha mkono hewani.

"Mama," alisema. "Nivute kidogo."

Mama yake alikuwa mbali, mgongo ametupa sisi, mabega yanakwenda mbele na nyuma. Hakugeuka wala hakupunguza mwendo.

"Amuka wewe mwenyewe," alisema. "Mimi iko na kazi."